Siku Saba za Waveland

Kila shirika la kutetea haki hapa Kenya huwa na msimu wake wa kutoroka mji. Wakatoliki wana neno la zamani la jambo hili: mafungo. Unaacha kazi na kelele, unaenda mahali pametulia, unajiuliza umetoka wapi na unaelekea wapi. Mashirika yetu yana mafungo yao pia, Naivasha au Machakos au Diani, siku tatu, chai saa nne, karatasi kubwa zimebandikwa ukutani. Sisi wa nje tunacheka. Ati ni likizo ya wafadhili.

Mimi pia nilikuwa nikicheka, hadi nilipoanza kusoma historia ya harakati za watu weusi kule Marekani miaka ya 1960. Shuleni tulifundishwa hotuba na maandamano. Hatukuambiwa kwamba nyuma ya kila maandamano kulikuwa na chumba fulani, mbali na kamera, ambamo watu waliochoka walikaa kwenye viti vigumu wakibishana usiku kucha. Mengi tunayoyakumbuka yaliamuliwa vyumbani humo. Na mengine yaliharibikia humo humo.

Nataka tuingie kwenye chumba kimoja: Waveland, jimbo la Mississippi, tarehe 6 hadi 12 Novemba 1964. Nina sababu. Tangu Juni 2024, tulipoujaza mji kupinga Mswada wa Fedha, swali moja limekuwa likizunguka kila kikao cha vijana: je, tubaki hivi hivi, bila viongozi na bila ofisi, au tujipange kama chama? Watu wameachana urafiki juu ya hilo. Kumbe swali hilo lina miaka zaidi ya 60, na kuna vijana wa rika letu waliolijadili siku saba mfululizo wakakosa jibu.

*

Vijana wenyewe walikuwa wa SNCC, Kamati ya Wanafunzi ya Kuratibu Harakati Zisizo za Vurugu. Wao waliitamka “Snik”. Ilianza hivi. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi wa chuo waliketi kwenye kaunta ya duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, wakaagiza kahawa. Kaunta ilikuwa ya wazungu peke yao. Walinyimwa, wakakataa kuondoka, na kesho yake wakarudi wakiwa wengi zaidi. Ndani ya wiki chache wanafunzi wa miji mingine mingi ya Kusini walikuwa wakifanya vivyo hivyo.

Mama mmoja aliliona jambo hilo mapema kuliko wazee wengine. Ella Baker alikuwa na miaka 56, akifanya kazi kwenye shirika la Martin Luther King, SCLC. Aliwaita wanafunzi hao wakutane Chuo Kikuu cha Shaw, mjini Raleigh, wikendi ya Pasaka, Aprili 1960. Baadhi ya wazee walitaka vijana wawe tawi la shirika lao. Baker aliwaambia vijana wasikubali kuwa tawi la mtu. Alikuwa ameona mashirika mengi yanayomtegemea mwanamume mmoja mwenye sauti nzuri, na aliamini watu wakiwa imara hawahitaji mkombozi. Ile “hatuna kiongozi” ya Juni 2024, huyu mama aliijua kabla wazazi wetu hawajazaliwa.

Lakini Baker hakuwa na maana kwamba watu wasijipange. Tofauti hiyo inapotea sana siku hizi.

Mafungo ya kwanza ya maana ya SNCC yalikuwa Agosti 1961, kwenye shule ya Highlander milimani Tennessee. Huko kundi liligawanyika katikati. Wengine walisema kazi yao ni kuketi kwenye kaunta, kupanda mabasi ya wazungu, kujazana jela. Wengine walisema hapana, twende vijijini tukawaandikishe watu kupiga kura, maana bila kura hata ukinywa hiyo kahawa bado unatawaliwa. Upande wa kwanza ulishuku kwamba kura ni mtego wa serikali ya Kennedy wa kuwatoa barabarani. Ilikaribia kuvunjika. Ella Baker, ambaye kwa kawaida aliketi akisikiliza tu na kuuliza maswali, safari hii alisema: kuweni na mikono miwili. Diane Nash akashika mkono wa maandamano, Charles Jones akashika wa kura.

Halafu wakaenda Mississippi, wakagundua kwamba ubishi ule haukuwa na maana. Kule, kumpeleka mkulima mweusi kwenye ofisi ya kujiandikisha kulitosha kukuletea kipigo. Mwaka 1962 weusi walioandikishwa kupiga kura Mississippi walikuwa asilimia 6.7 tu ya waliostahili. Bob Moses, mwalimu wa hesabu kutoka New York aliyeanzisha kazi hiyo, alipigwa akiwapeleka watu kujiandikisha. Septemba 1961 Herbert Lee, mkulima mwenye watoto tisa aliyekuwa akimsaidia Moses, alipigwa risasi mchana na mbunge wa jimbo, mbele ya watu. Mbunge hakufungwa. Louis Allen, shahidi aliyeona, naye aliuawa Januari 1964.

Niligundua kitu hapa. Mafungo ya Highlander yalifaulu kwa sababu ugomvi wao ulikuwa wa kazi: tufanye hili au lile? Kazi yenyewe ikaja ikawajibu.

*

Waveland ilikuwa tofauti, na ili uelewe ni lazima ujue walikuja na nini mwilini.

Novemba 1963 walikuwa wamebishana mjini Greenville kama wawaalike wanafunzi wazungu wa Kaskazini kuja Mississippi. Wengi wa wahamasishaji weusi wa kule hawakutaka. Walijua mzungu wa chuo kikuu akifika kijijini, atashika taipureta, ataongea na waandishi wa habari, na yule binti wa kijiji aliyeanza kujifunza kuongoza kikao atarudi nyuma akae kimya. Kwa upande mwingine, weusi walikuwa wakiuawa na nchi haishtuki. Mzungu akiuawa, Marekani itaamka. Kifo cha Louis Allen ndicho kilichomsukuma Moses kuunga mkono mpango huo.

Kiangazi cha 1964 walikuja karibu watu 1,000 wa kujitolea. Tarehe 21 Juni vijana watatu walipotea: James Chaney, mweusi wa Mississippi, na Andrew Goodman na Michael Schwerner, wazungu wa New York. Miili yao ilipatikana tarehe 4 Agosti, imefukiwa chini ya ukuta wa bwawa. Wakati wa kuwatafuta ilipatikana pia miili ya vijana weusi, Charles Moore na Henry Dee, ambao nchi ilikuwa haijawatafuta kabisa. Kwa hiyo hesabu ile ya kikatili ya Greenville ilikuwa sahihi. Na kuwa sahihi juu ya jambo la aina hiyo hakukuachii raha.

Agosti hiyo hiyo wakaenda Atlantic City, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Walikuwa wameunda chama chao, Mississippi Freedom Democratic Party, chenye wajumbe 68, kikidai viti vya jimbo kwa sababu wajumbe rasmi walichaguliwa bila weusi. Fannie Lou Hamer, mama wa mashamba ya pamba kutoka Ruleville, alisimulia mbele ya kamera jinsi alivyopigwa jela. Rais Johnson aliogopa sana ushuhuda huo hata akaitisha mkutano wa ghafla na waandishi ili runinga zimwache Hamer. Mwishowe wakapewa viti viwili, na wakachaguliwa hata watu wa kuvikalia. Sisi tungeiita nusu mkate, ila haikuwa hata nusu. Wakubwa wengi wa harakati, King akiwemo, walionelea heri wachukue. Wajumbe wa Mississippi wakakataa.

Mwezi Septemba, Harry Belafonte alisaidia watu 11 wa SNCC kwenda kupumzika Guinea, wageni wa Rais Sékou Touré. Hamer alikuwemo. Mama aliyefukuzwa shambani kwa kujaribu kujiandikisha alimwona rais mweusi akija mwenyewe kuwajulia hali. Wawili wao, John Lewis na Donald Harris, waliendelea na safari hadi Nairobi. Hapo New Stanley wakakutana na Malcolm X, ambaye naye alikuwa akizunguka Afrika. Kila nikipita pale kona ya Kimathi Street najiuliza ni meza gani walikalia. Malcolm aliwaambia waitazame shida yao kama ya dunia nzima, si ya Marekani peke yake.

Hao ndio watu waliokwenda Waveland, wamezika wenzao na kusalitiwa na chama walichodhani ni rafiki, na wameonja uhuru wa watu wengine.

*

Mahali penyewe palikuwa na historia yake. Gulfside ilikuwa kambi ya kanisa la Methodist, iliyoanzishwa mwaka 1923 na Askofu Robert E. Jones kwenye ufuo wa Ghuba ya Mexico, wakati ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kukanyaga karibu fuo zote za pale. Kwa hiyo hata kutembea tu kando ya maji kulikuwa ushindi.

James Forman, katibu mtendaji, alikuja na pendekezo. SNCC ilikuwa imekua. Ilikuwa na magari, ofisi, madeni, na wafanyakazi waliolipwa dola 10 kwa wiki, ambazo kodi ikikatwa zilibaki 9.64. Wengi wa wale wa kiangazi walikuwa wamebaki, na wengi wao walikuwa wazungu. Nani anaamua mambo? Kwenye karatasi ilikuwa bado ni kamati ya wawakilishi wa vyuo, lakini wanafunzi wa vyuo hawakuwa tena ndio wanaofanya kazi. Forman alitaka muundo ulio wazi: wafanyakazi wawe ndio chombo cha mwisho, wachague kamati ya utendaji, na makao makuu ya Atlanta yawe na nguvu ya kusema hili lifanyike.

Upande wa pili walitaka kinyume. Casey Hayden na wengine walipendekeza vikundi vidogo vya kazi, kila kimoja kijiamulie, kiunganike na vingine kwa hiari. Waliogopa kwamba wakijenga makao makuu watazaa kile kile walichokikimbia, yaani mkubwa mmoja juu na wengine wote wakingoja. Wapinzani wao waliwakejeli kuwa wamelewa uhuru. Nao wakawaona kina Forman kama watu wanaotaka vyeo.

Bob Moses angeweza kuamua mambo kwa neno moja, na hilo ndilo lililomtia hofu. Watu walimheshimu mno. Alikuwa amefikia mahali pa kuongea kwa sauti ya chini kabisa, amesimama nyuma ya chumba, ili asionekane anaongoza. Aliifananisha SNCC na chombo kilicho katikati ya bahari: hakina budi kujengwa upya ili kisizame, na hakina budi kuelea ili kiweze kujengwa upya. Mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye kundi la watu wachache wenye kazi nyingi anamwelewa. Huwezi kuegesha mapambano kwanza, utengeneze injini, halafu uendelee.

Kabla ya kikao, kila mtu alikuwa ameombwa aandike maoni yake. Zaidi ya karatasi 30 zilichapwa na kugawiwa. Moja haikuwa na jina. Iliandikwa na Mary King, Casey Hayden na wanawake wengine wachache, nao waliogopa kuchekwa. Ilitoa mifano ya kila siku: waratibu wawili wenye uzoefu sawa wanapewa kazi, mwanamume anampa mwanamke uchapaji bila kumuuliza, mwanamke yeyote, hata awe na cheo gani, ndiye anaombwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Usiku mmoja gatini, watu wakinywa na kutaniana, Stokely Carmichael alisema nafasi ya wanawake ndani ya SNCC ni kulala chali. Mary King alikuwepo na ameeleza kwamba ulikuwa mzaha, na alicheka pamoja nao. Utani huo umezunguka dunia kuliko karatasi yenyewe. Mwaka uliofuata King na Hayden waliandika barua nyingine juu ya suala hilo, nayo ikawa miongoni mwa mbegu za harakati za wanawake Marekani.

Siku saba zikaisha. Swali la muundo halikuamuliwa. Likaahirishwa.

*

Wanahistoria huieleza Waveland kama ugomvi wa muundo: Forman upande huu, Moses upande ule, na maneno mawili makubwa, nidhamu na uhuru. Ukiisoma hivyo unaweza kuchagua timu yako. Mimi nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nahisi pana kitu kimekaa katikati ya chumba ambacho watu wanakizunguka.

Wakati huo daktari wa akili anayeitwa Robert Coles alikuwa akitembea na vijana hawa Kusini. Mwaka huo huo wa 1964 alichapisha makala kwenye jarida la kitabibu kuhusu uchovu wa wanaharakati. Alieleza dalili alizozoea kuziona kwa askari waliokaa vitani muda mrefu: kuchoka hata ukilala, kukata tamaa, hasira zisizo na mwelekeo. Na hasira hizo, badala ya kumwendea sherifu, zinawaendea wenzako. Unaanza kuona msaliti katika mtu mliyelala naye seli moja.

Sasa rudi Waveland na jambo hilo kichwani. Watu walifika miezi mitatu baada ya miili kufukuliwa. Kwenye ratiba kulikuwa na muundo, fedha, programu, uhusiano na mashirika mengine. Msiba haukuwa na kipindi chake. Kwa hiyo ukaingia kwenye vipindi vya wengine. Ukisema “makao makuu yasituamulie”, huenda unasema pia “ni nani aliyeamua kwamba Chaney aende kule?” Ukisema “tunahitaji nidhamu”, huenda unasema “siwezi kuzika mwingine kwa sababu mtu alijiamulia mambo.” Hayo ni maneno yangu, sikuyatoa kwenye kumbukumbu zao. Lakini tazama uzito wa hisia uliowekwa juu ya mchoro wa nani yuko chini ya nani. Mchoro peke yake haulizi watu.

Nasema hivi pia kwa sababu nimeona. Niliwahi kuajiriwa siku tatu kuandika kumbukumbu za mafungo ya shirika moja la haki, hotelini Naivasha. Mwezeshaji alikuwa mzuri, mcheshi, na alikuwa na karatasi moja pembeni aliyoiita maegesho. Swali gumu likija, linaandikwa pale “tulirudie baadaye”. Siku ya pili tukiwa kwenye mpango mkakati, kijana mmoja wa mtaani, wale wanaotoka kila siku kwenda mochari na vituo vya polisi na familia za waliopigwa risasi, aliinua mkono. Alisema amehesabu mazishi aliyohudhuria tangu Juni na angependa kujua kama kuna mtu ofisini anayeyahesabu. Chumba kikanyamaza. Mwezeshaji akasema asante sana, hilo ni muhimu, akaliandika kwenye maegesho. Mchana huo kijana yule yule aligombana na mhasibu juu ya nauli ya boda, ugomvi mkubwa, karibu washikane. Watu wakasema ana utovu wa nidhamu. Ugomvi wa nauli uliingia kwenye ripoti kama “changamoto za mawasiliano”. Swali la mazishi niliambiwa nisiliandike, kwa kuwa ripoti inakwenda kwa wafadhili.

Yule bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mishahara ya watu mkononi, na mfadhili analipia matokeo yanayopimika. Kilio hakina safu kwenye jedwali. Ila hivyo ndivyo msiba unavyogeuka kuwa suala la nauli. Au suala la muundo.

*

Ufa wa Waveland ulianza kuonekana miezi michache tu baadaye.

Februari 1965, kwenye kikao cha Atlanta, Bob Moses alisimama akatangaza kwamba ameacha jina lake. Kuanzia sasa angeitwa Parris, jina lake la kati. Jina la Moses lilikuwa limekuwa kubwa kuliko mtu. Akatoka, na hakurudi tena kwenye uongozi. Machi 1965, SNCC ilikataa kushiriki rasmi maandamano ya Selma, ikamruhusu mwenyekiti wake, John Lewis, kwenda kama mtu binafsi. Tarehe 7 Machi ndiye aliyekuwa mbele pale darajani fuvu lake likipasuliwa kwa rungu. Hebu fikiria: picha inayojulikana zaidi ya mwenyekiti wa SNCC ni ya siku ambayo shirika lake halikuwa limemtuma.

Mei 1966 wakaenda tena mafungoni, Kingston Springs karibu na Nashville. Lewis alichaguliwa tena uenyekiti kwa kura 60 dhidi ya 22. Wengine wakiwa wameshaondoka, kura ikapingwa, ikarudiwa usiku, na kufikia asubuhi mwenyekiti alikuwa Stokely Carmichael. Desemba mwaka huo wakakutana kwenye hoteli ya Peg Leg Bates, mcheza dansi mweusi mwenye mguu mmoja, milimani New York. Walijadili siku kadhaa kama wazungu wabaki ndani ya shirika. Matokeo: 19 waondoke, 18 wabaki, na 24 hawakupiga kura upande wowote.

Hiyo 24 inanisumbua kuliko zile nyingine. Kundi kubwa kuliko yote chumbani lilikuwa la watu ambao hawakuwa tena na la kusema. Fannie Lou Hamer alipinga kufukuza watu, na baadhi ya vijana walisema mama huyo hayuko tena kwenye kiwango chao cha fikra. Mama Hamer! Ukifika mahali ambapo Hamer hafai kwenye harakati za maskini wa Mississippi, haijalishi tena una muundo gani.

Sitaki kusema SNCC ilikufa kwa sababu ya vikao vibaya. FBI ilikuwa ikiwafuata, fedha za Kaskazini zilikauka walipopinga vita vya Vietnam, na hoja ya weusi kujiongoza wenyewe ilikuwa na msingi, wengine waliisema tangu Greenville. Na katikati ya mvurugano huo bado walifanya kazi kubwa. Huko Lowndes, Alabama, Carmichael na wenzake walisaidia wakulima weusi kuunda chama chao wenyewe chenye alama ya chui mweusi. Kwa hiyo walijua kujenga. Ugumu ulikuwa kukaa chumba kimoja na wenzao.

*

Moses, baada ya kuzunguka sana, aliishia kwetu Afrika Mashariki. Yeye na mkewe Janet walikwenda Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960, na akawa mwalimu wa hesabu Same, chini ya milima ya Upare, hadi mwaka 1976. Watu wengi huisimulia hadithi yake kana kwamba aliondoka jukwaani. Mimi nadhani alipata kile ambacho Waveland haikumpa: miaka ya kukaa mahali ambapo hakuna aliyemtaka awe Musa. Aliporudi Marekani alianzisha Algebra Project, kuwafundisha hesabu watoto wa maskini, akisema kwamba mtoto asiyejua aljebra leo ni kama mkulima wa Mississippi asiye na kura. Aliendelea na kazi hiyo karibu hadi kifo chake Julai 2021. Alipumzika, akarudi kazini. Wengi wa wenzake hawakupata nafasi hiyo. Ruby Doris Smith Robinson, mwanamke aliyeliendesha shirika zima kwa mikono yake na kuwa katibu mtendaji mwaka 1966, alikufa Oktoba 1967 akiwa na miaka 25.

Kwa hiyo, tuwe na viongozi au tusiwe nao? Historia ya SNCC hainipi jibu, na namshuku mtu anayesema inampa. Walijaribu njia zote mbili, na zote zilizaa watu hodari na ugomvi pia. Ninachokiona wazi ni kwamba swali hilo hujadiliwa vibaya sana na watu ambao hawajaomboleza. Sisi tuna majina tunayoyakumbuka kila tarehe 25 Juni. Tunawasha mishumaa, tunaimba, jioni tunarudi mtandaoni kutukanana: nani kanunuliwa, nani anataka kiti 2027, nani alikimbia. Ukisikiliza vizuri, nusu ya matusi hayo ni kilio.

Mashirika yanayopanga mafungo yao mwaka huu yangeweza kuanzia hapo. Siku ya kwanza isiwe ya mpango mkakati. Iwe ya yule kijana na hesabu yake ya mazishi, na asiombwe aifupishe. Muundo ungojee hadi kesho yake.

Na tafadhali, mtu aandike. Kambi ya Gulfside haipo tena kama ilivyokuwa. Kimbunga Katrina kiliyafagia majengo yake mwaka 2005. Karatasi za Waveland zipo. Tunajua walichobishania kwa sababu kila mtu aliombwa aweke maoni yake kwenye karatasi, na hata wale walioogopa kuweka majina yao waliandika. Hasira yao imehifadhiwa pamoja na makosa ya taipureta. Mijadala yetu tunaifanya kwa sauti mtandaoni usiku wa manane, maelfu tukisikiliza, na asubuhi haipo. Miaka 60 ijayo mtu wa rika letu atatafuta kujua tulikuwa tunagombania nini, na atakachokipata ni ripoti za wafadhili, ambamo tulikuwa na changamoto za mawasiliano.